Ndege nyuki au nyuki wenyewe: nani anamtoa tembo shambani?

Watu wengi Tanzania huiita droni "ndege nyuki". Ukiwa na shamba la mahindi jirani na hifadhi, jina hilo linakuuzia hoja nzima: tembo anaogopa nyuki, chombo hiki kinavuma kama nyuki, basi kirushwe tembo aondoke. Hoja hiyo ina ukweli mwingi ndani yake. Tatizo ni kwamba inachukulia mvumo na mwiba kuwa kitu kimoja.

Tuanze na nyuki. Ngozi ya tembo ni nene, lakini nyuki wa Afrika hawashambulii mgongo. Hufuata maji ya macho, hujipenyeza nyuma ya masikio na kuingia ndani ya mkonga. Ndama ndiye huumia zaidi kwa sababu ngozi yake bado ni laini. Mwaka 2007 mtafiti wa tembo Lucy King na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la kaskazini mwa Kenya: walizipigia familia 17 za tembo sauti ya nyuki waliochokozwa, iliyorekodiwa, na familia 16 ziliondoka ndani ya sekunde 80. Baadaye ilibainika kwamba wanapokimbia hutikisa vichwa, hujirushia vumbi, na hutoa mngurumo mzito wa kuwaonya wenzao.

Upande wa droni nao una ushahidi wake. Askari wa wanyamapori kwenye vijiji vinavyopakana na ikolojia za Tarangire-Manyara na Serengeti walifundishwa kurusha droni ndogo, na ripoti ya 2017 inaonyesha kuwa katika majaribio 51 tembo waliondoka mara zote. Ni vigumu kubishana na matokeo hayo, hasa kwa anayejua jinsi ilivyo kumkabili dume usiku ukiwa na tochi na debe tu.

Je, ni kweli wanadhani ni nyuki? Bawa la nyuki hupiga takriban mara 230 kwa sekunde. Propela ya droni ndogo huzunguka takriban mara 90 kwa sekunde, na kwa kuwa ina pande mbili, mvumo wake huangukia karibu na mara 180. Sauti hizo zinakaribiana, lakini hilo pekee halithibitishi kwamba tembo anazichanganya. Tena tembo husikiliza na kunusa pia. Afrika Kusini watafiti walitundika soksi zenye harufu ambayo nyuki huitoa wakati wa hatari, na kati ya tembo 29 waliozikaribia, 25 walishtuka na kujitenga nazo. Droni haina harufu hiyo, na wala haiumi. Mnyama mwenye kumbukumbu kama tembo akisikia mvumo mara kumi bila mwiba hata mmoja, ana kila sababu ya kuendelea kula. Ndiyo maana droni inayoelea juu mahali pamoja ikisubiri tembo aogope hupoteza nguvu haraka.

Kinachofanya kazi ni kufukuza, na kufukuza kuna utaratibu wake. Rubani hasimami peke yake. Anahitaji mwenzake wa kuangalia tembo kwa macho wakati yeye anatazama skrini. Kwanza wanakubaliana tembo watolewe kupitia wapi, na njia hiyo iwe haina watu. Droni hupaa juu, huzunguka kwa mbali hadi ifike upande wa kijiji, kisha hushushwa polepole nyuma ya kundi ili hifadhi ibaki mbele yao. Wakianza kutembea, inabaki nyuma yao bila kuwapita. Ikitokea mbele, kundi hugeuka na kukimbilia kwenye nyumba. Ikishuka katikati, kundi hugawanyika, ndama akabaki na mama akarudi kwa hasira. Betri moja hudumu takriban dakika 20, kwa hiyo ukiwa na moja tu, itakuishia tembo wakiwa nusu ya safari. Mvua na upepo mkali huisimamisha kazi kabisa, na bila kibali cha mamlaka ya anga na cha hifadhi kazi yenyewe ni kosa la kisheria.

Uzio wa mizinga ya nyuki hauhitaji rubani, ila unahitaji mfugaji nyuki wa kweli. Shamba la ekari moja huzungushiwa mizinga 12 yenye nyuki na 12 ya bandia, yaani vipande vya plaiwudi, kwa kupokezana kila baada ya mita 10. Waya huunganisha mzinga na mzinga na haufungwi kwenye nguzo. Hapo ndipo wengi hukosea. Mzinga unatakiwa uning'inie huru, ili kifua cha tembo kikisukuma waya, mizinga ya pande zote mbili iyumbe na nyuki watoke. Waya ukikazwa kwenye nguzo, tembo huusukuma hadi ukatike na nyuki hawana habari. Nguzo zipakwe grisi dhidi ya siafu, na kila mzinga uwe na kipaa cha kivuli.

Huko Sagalla nchini Kenya, karibu na hifadhi ya Tsavo Mashariki, uzio huu umefuatiliwa kwa miaka mingi, na katika misimu mizuri ya mazao zaidi ya tembo 8 kati ya 10 waliousogelea waligeuka. Asali nayo inauzwa. Lakini ukame wa 2017 ulipokausha maua, nyuki walihama, na athari zake ziliendelea kwa takriban miaka mitatu. Mzinga mtupu ni sanduku tu, na tembo huja kulijua hilo. Usiku, wakati ambao tembo wengi huvamia, nyuki nao hawaruki vizuri, ingawa mzinga ukitikiswa huvuma na nyuki walinzi hutoka.

Kwa maoni yangu, mizinga ndiyo ikae mpakani, kwa sababu humfundisha tembo jambo la kweli: ukigusa, utaumwa. Droni iwekwe kwa kikosi kimoja kinachohudumia vijiji kadhaa na iitwe pale tembo wanapokuwa wameshaingia. Kumnunulia kila mkulima droni ni kuwafundisha tembo kuidharau.

Tembo aliyetulia naye asitudanganye. Marekani, dubu weusi waliofungwa vipimo vya moyo walionekana wametulia droni ikipita juu yao, kumbe mapigo ya moyo yalikuwa yamepanda, kwa mmoja wao hadi 123 zaidi kwa dakika. Kwa hiyo kundi likishavuka mpaka wa hifadhi, droni irudishwe papo hapo, hata kama betri bado imejaa.