Usichome makumbi yaliyolala

Siku za usafi, mashamba ya minazi huku Bagamoyo, kuanzia Kaole mpaka Mlingotini, hufuka moshi. Tunachoma ovyo makumbi, yale maganda ya nje ya nazi, na anayeumia ni mjusi wa mchangani ambaye wengi humpiga fimbo wakidhani ni nyoka.

Simsemi mjusi islamu mwenye mistari, yule anayeota jua ukutani. Huyu wataalamu humwita Mochlus sundevallii, na makazi yake ni mchangani, chini ya magogo na majani makavu. Mnene, kahawia, magamba yanateleza kama yamepakwa mafuta. Pamoja na mkia hufika sentimita 15 hivi. Miguu minne anayo, ila mifupi mno. Akishtuka huibana ubavuni na kujinyonganyonga. Hapo ndipo watu hupiga yowe. Mtazame macho: anapepesa kope, nyoka hana kope. Sumu hana. Ukimshika mkia unakatika, na akiba yake ya mafuta inakwenda nao. Utaota mwingine, wenye gegedu badala ya pingili za mfupa.

Ubaya wa moto uko kwenye muda. Makumbi yaliyokusanywa leo na kuchomwa leo hayana madhara makubwa. Yakilala wiki mbili yakanyeshewa, chini panashika unyevu, mchwa wanaingia, mjusi anawafuata, na jike huweza kutaga humohumo. Ukiwasha, hakimbii mbali. Anazama mchangani palepale, chini ya makaa.

Kama lazima uchome, vuta rundo kwa reki kutoka upande mmoja, tabaka kwa tabaka, hadi mahali peupe, uchome siku hiyohiyo. Jembe weka kando, linakata. Gogo lifunue kwa kulivutia upande wako likukinge, maana chini huenda kuna nyoka kweli, kisha lirudishe lilivyokuwa. Ukikuta mayai usiyageuze. Ganda lake ni laini, jua huyakausha upesi. Yafunike.

Wapo wanaomsifu kwamba atakumalizia mchwa. Thubutu! Huwala, lakini kichuguu kimoja kina maelfu kwa maelfu. Mimi naona aachwe hata kama hakuletei faida.

Mwachie gogo moja kivulini, lizame nusu ardhini, mbali na ukuta wa nyumba. Liwe la mwembe, si la mnazi: la mnazi likioza huzalisha chonga, yule mbawakawa mwenye pembe, na chonga akishatoboa kilele cha minazi yako utamlaumu mjusi bure.