Wa chini kulipia lifti: sheria ya Italia haijakosea

Wakazi wa sakafu ya chini katika majengo ya ghorofa nchini Italia wana lalamiko moja lisilokwisha: lifti sipandi, nailipia ya nini? Si kelele za bure. Wengine ni wastaafu waliochagua chini kwa ajili ya magoti yao. Tatizo ni kwamba kifungu cha 1124 cha Sheria ya Madai husomwa nusu.

Kila nyumba katika jengo hupewa fungu lake kati ya 1,000, wenyewe wanayaita millesimi, kulingana na thamani yake. Gharama ya lifti hukatwa pande mbili: nusu hugawanywa kwa mafungu hayo, nusu kwa urefu wa ghorofa kutoka ardhini. Chukua jengo la nyumba kumi zenye mafungu sawa, mbilimbili, kuanzia chini hadi ghorofa ya nne. Lifti inatengenezwa kwa euro 12,000. Wa ghorofa ya nne anatoa 1,800. Wa chini anatoa 600, kwa kuwa kwenye ile nusu ya urefu hadaiwi hata senti. Tofauti ni mara tatu, na bado tunaambiwa sheria haijali nani anapanda na nani hapandi! Jengo likiwa na ngazi mbili, kila moja na lifti yake, wa ngazi A hata haguswi na lifti ya ngazi B.

Hizo 600 zinazobaki ni za umiliki. Lifti ni mali yake pia, na huongeza thamani ya jengo zima. Tukisema kila mtu alipie anachokanyaga tu, msingi ukititia wa juu watamwambia wa chini apambane na hali yake. Ndiyo maana kifungu cha 1118 hakimruhusu mtu kujitoa katika sehemu za pamoja ili akwepe michango.

Wanaopinga wana hoja nzito zaidi mahali pengine. Matengenezo makubwa hupita kwa wingi wa waliohudhuria mkutano, mradi wawe na angalau mafungu 500. Aliyekataa analipa vilevile. Asipolipa, msimamizi wa jengo anaweza kupata amri ya mahakama inayotekelezwa papo hapo, na deni likizidi miezi sita anaweza kumsimamishia huduma zinazoweza kukatwa kwake peke yake. Mahakama zenyewe hazijaafikiana kama maji na joto vimo humo.

Tena, tangu mageuzi ya sheria namba 220 ya 2012, mfuko wa matengenezo makubwa lazima utengwe kwanza. Mkandarasi ana uhakika wa fedha zake. Mstaafu anatakiwa kutoa mamia ya euro kabla fundi hajafungua boksi la vifaa. Malipo yanaweza kufuata hatua za kazi, ila mkataba uwe umesema hivyo. Wa chini angeubana mkutano kwenye kipengele hicho kabla ya kura, angepata nafuu kubwa kuliko kubishania lifti.