«Nim» na «Take»: Kitenzi Kilichopokonywa Kazi Yake

Mwingereza wa karne ya 9 aliyetaka kusema kwamba amechukua kitu hakutumia «take». Alitumia «niman», kitenzi ambacho Wajerumani bado wanacho kama «nehmen» na Waholanzi kama «nemen». Baadaye kilifupika kuwa «nim», kikasogezwa pembeni mwa lugha, na kufikia karne ya 17 kilisikika zaidi kwa maana ya kuiba. Shakespeare alimpa askari mmoja mdokozi jina la Nym, na watazamaji wa siku zile hawakuhitaji kufafanuliwa mzaha huo.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba «nim» kiliuawa na wageni. Waviking, mabaharia kutoka Skandinavia, walihamia kaskazini na mashariki mwa Uingereza tangu karne ya 9, wakalima na kuoa huko, na kitenzi chao «taka» (kisichohusiana kabisa na taka yetu) kikaingia vinywani mwa majirani. Ramani inawaunga mkono wenye hoja hii, kwa kuwa maandishi ya Zama za Kati kutoka maeneo hayo yanatumia «take» mapema, ilhali kusini «nimen», umbo la «niman» la enzi hizo, kilidumu zaidi. Isitoshe, Kijerumani na Kiholanzi, ambazo hazikupata ujirani wa aina hiyo, zimekihifadhi kitenzi chao hadi leo.

Hoja hiyo ni nzito, lakini ina tundu. Wageni wenyewe walikuwa na «nema», ndugu wa damu wa «niman». Uhamiaji wao wa kwanza nchini Iceland huitwa «landnám», yaani utwaaji wa ardhi, na mwanafunzi katika Kiaislandi cha leo ni «nemandi», kwani kujifunza nako ni kuchukua. Kama ujirani peke yake ungekuwa sababu, ndugu hao wawili wangeinuana badala ya kuangushana. Ukweli ni kwamba «taka», ambacho maana yake ya awali inadhaniwa kuwa kugusa, kama «tekan» cha Kigothi, lugha ndugu iliyokufa zamani, kilikuwa kimeanza kumbana «nema» hukohuko kwao. Mkono uliogusa ukawa mkono unaoshika, kisha unaochukua.

Ipo pia hoja ya udhaifu wa ndani: umbo la wakati uliopita, «nam», lilifanana na «nam» nyingine, mkato uliotumika kusema «mimi si». Hii hainishawishi. Sisi tuna kaa la moto, kaa wa baharini na kukaa kitako, na hakuna hata moja lililokimbia.

Kinachonisogeza upande wa mabadiliko ya maana ni jozi yetu ya «twaa» na «chukua». «Chukua» ilikuwa kubeba, na maana hiyo imebaki katika mchukuzi, katika Wizara ya Uchukuzi, na katika kuchukua mimba. Taratibu ikakikalia kiti cha «twaa», bila Mviking yeyote kuja kuisaidia. Ujirani, basi, ulikifikisha «take» Uingereza na hilo halina ubishi, ila nguvu ya kumwondoa mwenyeji ilitokana na mwendo ambao vitenzi vya mkono huwa navyo hata visiposukumwa na mtu. Tofauti iko kwenye hatima ya walioshindwa, maana «twaa» ilipanda cheo, ikabaki kwenye Biblia na kwa timu zinazotwaa kombe, wakati «nim» kiliishia mikononi mwa vibaka.

Hata hivyo hakikufutika chote. Kivumishi «nimble», chenye maana ya mwepesi, kilianza kama sifa ya mtu hodari wa kunyakua. «Numb», yaani iliyokufa ganzi, kilitokana na umbo la kutendwa la kitenzi hichohicho: kiungo kilichochukuliwa, kikiwa na herufi «b» iliyobandikwa baadaye mwishoni na ambayo haitamkwi.