Bakteria wa Wells na magugu maji ya Ziwa Victoria

Katika The War of the Worlds, riwaya ya H. G. Wells iliyotoka kama kitabu mwaka 1898, wavamizi kutoka Mirihi wanaiangusha Uingereza kwa miale ya joto na moshi mweusi, kisha wanakufa kwa bakteria. Wapo wanaodai huo ni ujanja wa mwandishi aliyekwama. Sikubali. Aya ya kwanza kabisa inatutaja sisi kama vijidudu chini ya hadubini, na muda si mrefu Wells anawakumbusha Waingereza walivyowaangamiza wenyeji wa Tasmania. (Alitia chumvi: vizazi vyao vipo hadi leo.)

Tena anayeishi Mwanza ameona jambo lenyewe majini. Wavamizi wa Wells wanakuja na gugu jekundu linaloziba mto Thames, kisha linaoza kwa bakteria na kukatika. Magugu maji, yenye asili ya Amerika Kusini, yalionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Yakistawi, huongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi, mitumbwi ikashindwa kutoka mwaloni. Miaka ya 1990 wakaletwa wadudu fukusi wa jenasi Neochetina kuyadhibiti. Buu lake hutoboa kikonyo kuelekea kitovu cha mmea. Bakteria na kuvu hupenya tunduni, kikonyo hujaa maji, mmea unazama. Ila ukiopoa magugu yote, fukusi huondoka nayo, na mbegu zilizolala kwenye tope miaka mingi huota upya bila adui.

Hapo ndipo wakosoaji wana hoja. Fukusi hawakuja kwa bahati. Walichaguliwa, wakapimwa, wakafugwa, wakaachiwa. Sangara naye alipandikizwa miaka ya 1950, akawamaliza furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa, wa aina nyingi, na hakuna ugonjwa uliomzuia. Kwa wenye viwanda vya minofu, bila shaka, huyo si mvamizi.

Kinachonisumbua zaidi ni sotoka, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na virusi. Iliingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, ikafyeka ng'ombe, njaa ikafuata, wakati Wajerumani wakijitanua kuelekea ziwani. Ugonjwa ulimdhoofisha mwenyeji na kumfungulia njia mgeni. Wells alielewa vizuri bakteria wanavyofanya kazi. Kosa lake ni kuvipa vijidudu vya ugonjwa upande mmoja tu wa vita, tena upande wa London.