Biti ya mwisho: ni kosa au ni tofauti ya kuvumiliwa?

Wanaohamisha programu za zamani kutoka kompyuta zenye prosesa za Intel kwenda zenye prosesa za ARM hapa Mombasa, zote zikiwa na mfumo wa Linux, hukutana na ubishi uleule: matokeo yakitofautiana kwenye tarakimu ya 16, tulisake kosa au tuendelee na kazi?

Tuchukue programu ya kutabiri maji kujaa na kupwa Kilindini, ambayo kazi yake ni kujumlisha kosaini nyingi. Wanaotetea uvumilivu wana hoja nzito. Kanuni ya IEEE 754 ya mwaka 1985, inayoongoza hesabu za desimali kwenye kompyuta, huipa namba ya dabo (namba ya desimali ya biti 64) biti 53 za usahihi, na hakuna nahodha atakayeuliza urefu wa maji ya bamvua kupita sentimita. Tena kanuni hiyo haimlazimishi mtunzi wa maktaba ya hesabu (mkusanyo wa msimbo ulio tayari wa kukokotoa kosaini na nyinginezo) kuifikisha kosaini sahihi hadi biti ya mwisho, kwa hiyo maktaba mbili zaweza kutofautiana na zote zikawa halali.

Hata hivyo, tofauti ndogo haibaki ndogo daima. Prosesa za ARM za biti 64 zina amri ya kuzidisha na kujumlisha kwa mkupuo mmoja, ikikadiria jibu litoshee biti zilizopo mara moja badala ya mbili, na GCC, kompaila yetu (programu inayogeuza msimbo kuwa amri za mashine), huitumia bila kuombwa tunapowasha uboreshaji wa kasi. Ukitafuta kipeuo cha pili cha x*x - y*y ilhali x na y ni sawa, zao moja hukadiriwa na jingine halikadiriwi. Mabaki yaweza kuwa hasi, na jedwali likajaa «nan», yaani “si namba”. Kukompaili upya kwa swichi ya -ffp-contract=off, inayoizuia GCC kuitumia amri hiyo, kukiondoa tatizo, chanzo kimejulikana.

Kwenye mashine kuukuu za Intel za biti 32 mambo yalikuwa machungu zaidi, kwani rejista (vihifadhi vya namba ndani ya prosesa) za biti 80 zilifanya kosa litoweke pindi ulipoongeza mstari wa kuchapisha: thamani ilipopelekwa kwenye kumbukumbu ilipunguzwa hadi biti 64. (Aliyekesha akilifukuza kosa la aina hiyo hasahau.)

Kwa maoni yangu, ukali utangulie na uvumilivu ufuate, baada ya chanzo kujulikana, kwa sababu amri ile ya mkupuo mmoja ina kasi na kwa kawaida ni sahihi zaidi. Kuizima milele ni hasara. Nisichokikubali ni swichi ya -ffast-math: huiruhusu kompaila kupanga upya majumlisho na kuchukulia kwamba «nan» haipo kabisa, hivyo hata ukaguzi wa isnan (unaouliza kama thamani ni «nan») tulioandika ili kujilinda waweza kufutwa kimyakimya.