Bei isiyoonekana si sifuri

Wiki hii nimetumiwa jedwali la bei za kupanda Kilimanjaro, zimevunwa kwa programu ya Python (lugha ya kompyuta) kutoka tovuti za kampuni za utalii za hapa Arusha na Moshi. Njia ya Umbwe imeandikwa dola 0. Chini kuna wastani, na sifuri hiyo imo ndani yake. Mwenye kampuni ndogo akishusha bei kwa kufuata wastani wa namna hiyo, wa kwanza kuumia ni mpagazi. Ndiyo maana nimekasirika.

Kampuni nyingi haziweki bei ya kila njia. Marangu ipo, Machame ipo, Umbwe wameandika "wasiliana nasi". BeautifulSoup, maktaba ya Python ya kusoma kurasa za tovuti, haina kosa hapo: `find` ikikosa elementi (kipande cha ukurasa) inarudisha `None`, yaani "hakuna kitu"; ukidai `.text` ya `None` programu inakatika kwa AttributeError. Vijana wetu wakiona hivyo wanakimbilia `except: pass`, yaani kosa lolote lipuuzwe, au wanajaza sifuri ili kazi iende. Programu ilikuwa inawaambia ukweli, wakaiziba mdomo.

Tena sifuri afadhali, inaonekana. Kinachonitisha ni kuvuna majina yote kwenye orodha moja, bei zote kwenye nyingine, kisha kuziunganisha kwa `zip`, inayooanisha ya kwanza na ya kwanza, ya pili na ya pili. Tuseme ukurasa una Marangu, Umbwe, Machame na Lemosho, na Umbwe haina bei. Utapata majina manne, bei tatu. Umbwe itabeba bei ya Machame, Machame itabeba ya Lemosho, na Lemosho itapotea kabisa kwa sababu `zip` huishia pale orodha fupi inapoishia. Kwenye skrini hutaona kosa lolote. Kila namba ni bei halali kabisa, ila ukiacha ya Marangu, ni ya njia nyingine! Nani atagundua? Tangu Python 3.10 kuna `strict=True`, ambayo hugoma orodha zikitofautiana urefu, lakini hiyo inakusimamisha tu, haikuambii bei ipi ni ya nani. Shika kwanza boksi la kila njia, yaani elementi inayobeba jina na bei yake pamoja, halafu ndani ya boksi hilo tafuta jina na bei. Bei haipo? Hifadhi `None`. Ukitafuta wastani kwa pandas, maktaba ya Python ya majedwali, itairuka yenyewe. Sifuri hairuki.

Kwa Selenium, chombo cha kuendesha kivinjari kwa programu, nakubali `try` (ya kukamata makosa kwa `except`) huikwepi, maana `find_element` hurusha NoSuchElementException. Basi likamate kosa hilo kwa jina lake. `except` tupu inameza hata Ctrl+C.

Na ukurasa ukirudi bila bei hata moja, huenda wenye tovuti wamebadilisha klasi, yaani majina ya elementi ambayo skripti inayatafuta. Skripti isimame hapo hapo.

Zile chache zilizokosekana ziandike kwenye logi (faili la kumbukumbu): kampuni gani, njia gani, ukurasa upi. Kisha piga simu uulize bei. Wenyewe wameandika "wasiliana nasi", na ofisi zao ziko hapa hapa Arusha na Moshi.