Sisimizi wa mgungani: spishi mpya au kundi lilelile?

Kwenye mbuga za udongo mweusi kusini mwa Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, mgunga wenye vinundu (Vachellia drepanolobium) huwa na wapangaji: sisimizi wanaoishi ndani ya vinundu hivyo, yaani uvimbe wenye uwazi kwenye miiba, au ndani ya shina. Wanaofahamika zaidi Afrika Mashariki ni wanne: Crematogaster mimosae, C. nigriceps, C. sjostedti na Tetraponera penzigi, wote waliopewa majina kati ya 1897 na 1914. Akionekana asiyefanana nao, mvutano huanza: apewe jina upesi, au asubiri?

Wenye haraka wana hoja. Mgunga huu hukatwa kwa kuni na mkaa, mbuga zinageuzwa majaruba ya mpunga, na mdudu asiye na jina haingii kwenye orodha yoyote ya hifadhi.

Ila sampuli nyingi ni dhaifu mno. Kundi moja la C. mimosae hukalia miti kadhaa, hivyo aliyekusanya kwenye migunga kumi jirani huenda ana sampuli moja tu. Tena sisimizi aliyeonekana tawini pengine anapita. Ushahidi wa makazi ni mayai, mabuu na malkia. Kata vinundu vizima kwa mkasi wa kupogolea, funga kwenye mfuko mzito, vipasue juu ya sinia jeupe. Malkia hukaa kwenye vichache sana, na wengi huchoka kabla ya kumfikia. C. sjostedti hukaa kwenye matundu yaliyotobolewa na mbawakawa shinani, si vinunduni, kwa hiyo mkata vinundu atamkosa.

Hifadhi kwenye spiriti ya asilimia 95, uibadilishe kesho yake. Ya dukani ya asilimia 70 hulinda umbo, lakini vinasaba huharibika. Konyagi ndiyo kabisa, ina 35. Lebo iandikwe kwa penseli na iwekwe ndani ya chupa, maana wino wa kalamu huyeyuka.

Vinasaba navyo visiabudiwe. Kipande cha COI, jeni linalotumiwa sana kutambua spishi, hurithiwa kwa mama pekee, na bakteria wa Wolbachia huweza kupotosha picha yake. Rangi ya mwili ndiyo mtego mbaya zaidi.

Kwa maoni yetu, jina litolewe, lakini kwa makundi yasiyopungua matatu, yaliyoachana kwa kilomita kadhaa, yenye malkia. Vibali vya COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) viombwe mapema. Picha za vielelezo vya awali, yaani wadudu wenyewe waliotumiwa kutoa majina, zipo bure kwenye tovuti ya AntWeb, ingawa hazioneshi kila unywele; penye shaka, omba kuazimwa kielelezo chenyewe kabla ya kuandika “mpya”.